Simu Imekwenda Kukaa kwa Shangazi

Kashai, Bukoba
9 Juni 2024. Asubuhi ukungu mzito kutoka ziwani. Jua limetoka baada ya misa ya kwanza.

Mpendwa Shangazi Immakulata,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima na goti lako limetulia. Mimi ni mzima. Mama alipiga simu jana kutoka Mwanza, anasema dagaa wameadimika sokoni lakini afya ipo, na anakusalimu sana. Mwenye nyumba wangu, Mama Lilian, naye anakusalimu. Ndizi ulizonipa Pasaka zilimfanya aulize kama huna mpango wa kuhamia mjini.

Sasa usishtuke kwa kilichomo ndani ya kifurushi. Shaban wa kosta atakukabidhi mkononi kitu kilichofungwa kwenye kitenge. Ni simu yangu. Haijaharibika. Nimeituma ikae kwako mpaka nimalize mtihani wa Novemba.

Unajua yaliyonipata mwaka jana: Fizikia F, Kemia F, na chuo cha uuguzi hakitaki kusikia habari za mtu asiye na hayo mawili. Mlinihurumia mkasema mtihani ulikuwa mgumu. Mtihani ulikuwa wa kawaida, Shangazi. Nilikuwa nafungua kitabu, nachungulia simu nione saa tu, na nikija kushtuka najua ugomvi wote wa watu wa Morogoro nisiowafahamu, na ukurasa bado ni ule ule.

Mengine nimeyajaribu. Niliizima, nikaiwasha. Niliiweka juu ya kabati, nikapanda kiti. Nilimpa Mama Lilian anishikie, akaja kunigongea mlango: "Joanitha, kuna mtu kakutumia ujumbe, nikusomee?" Nikahamishia laini kwenye kitochi nikidhani nimepona, kumbe kitochi kina ule mchezo wa nyoka. Nilicheza mpaka kidole gumba kikaota sugu.

Mwaka huu ni wa mwisho. Mama amesema waziwazi kwamba nikikosa tena nakwenda Mwanza kuuza dagaa naye. Dagaa siwadharau, ila mimi nataka kuwa muuguzi.

Naomba simu iwe na chaji, kwa sababu Mama atapiga kila Jumapili jioni. Umpokelee, umpe habari zangu. Namba ya siri ni mwaka aliozaliwa marehemu Baba. Mengine yote yanayolia, yaache yalie. Mimi na wewe tutaandikiana barua, Shaban amekubali kuzibeba.

Ni mimi binti yako,
Joanitha

Nakwenda kulala, saa nne na nusu usiku.


Muleba
16 Juni 2024

Joanitha binti wa kaka yangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Marahaba, tena marahaba. Goti lipo, linatabiri mvua kuliko redio. Mbuzi wako amezaa, mtoto ni mweupe mwenye kiburi. Baba yako mdogo Ildefons anakusalimu. Amenunua koti na sasa analivaa hata kwenda kukata majani ya ng'ombe. Kahawa imeiva yote kwa mara moja, sijui nianze na mti gani.

Kwanza nikuulize, kwa nini barua yako inaanza na ukungu? Unaniandikia mimi au unawaandikia watu wa hali ya hewa? Na saa ya kulala mimi naifanyia nini? Basi sawa, ni mazoea yako ya kuandika kila siku, tangu sekondari uko hivyo. Endelea.

Simu nimeipokea. Shaban aliishika kwa mikono miwili kama anahudumia altareni. Nimeiweka kwenye sanduku, chini ya vitenge vya kanisani, na nitaitoa Jumapili tu. Nilikuwa na wasiwasi kama itavikubali hivi vidole vya jembe, lakini nilipoandika mwaka wa kaka yangu ikafunguka yenyewe. Mama yako alipiga, tukaongea, nikairudisha sandukuni. Mimi na kile kioo hatuna udugu. Kitochi changu kinanitosha: naita, naitika, nakata.

Soma, mwanangu. Nataka katika ukoo huu apatikane wa kunichoma sindano bila kunifokea.

Shangazi yako,
Immakulata


Kashai, Bukoba
14 Julai 2024. Kiangazi kimekolea, asubuhi vumbi na upepo mdogo.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Huku salama. Lilian, binti wa mwenye nyumba, yuko darasa la kwanza na amenipa kazi ya kumchongea penseli. Msalimie Baba mdogo na koti lake.

Wiki ya kwanza ilikuwa ya ajabu. Mkono wangu wa kulia ulikuwa haujapata taarifa. Nasoma mistari miwili, mkono unakwenda pembeni ya kitabu kupapasa, unakuta meza. Nilisoma maandishi yote kwenye karatasi ya sabuni. Nilifua nguo zote, halafu nikafua mapazia, halafu nikamuomba Mama Lilian mapazia yake.

Nikiwa nafua hayo mapazia ndipo nikaelewa jambo. Siku zote nilidhani simu ndiyo inayoniita. Kumbe mimi ndiye ninayekimbia. Nikifika kwenye hesabu ngumu tu, naondoka, na simu ilikuwa ndiyo mlango wa karibu. Sasa mlango huo haupo, nikatafuta beseni. Tangu siku hiyo, nikifika pagumu nasimama, natembea mpaka bombani, nakunywa maji, narudi pale pale pagumu. Wakati mwingine nakwenda bombani mara nyingi mpaka majirani wanadhani nina kisukari. Lakini narudi.

Mwalimu Rwekaza wa twisheni ametupa jaribio la umeme nikapata zaidi ya nusu. Aliishika karatasi yangu akaniuliza mbele ya watu, "Joanitha, umehama mtaa au umeokoka?" Nikamwambia simu yangu imehama.

Kuna mtu yeyote aliyenitafuta huko? Hapana, usinijibu. Ukinijibu nitaanza kufikiria. Ningelifuta swali hili, ila nimeandika kwa kalamu ya wino.

Joanitha

Saa tano kasoro robo. Nalala.


Muleba
18 Agosti 2024

Joanitha mwanangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Nisamehe kwa kuchelewa. Kosta ya Shaban iliharibika, halafu tukawa na msiba kwenye jumuiya, halafu wino ukaisha. Chagua sababu unayoiamini.

Sisi wazima. Kahawa niliyoanika ilinyeshewa yote. Ndiyo, mvua ya Agosti. Nilikuwa pale pale barazani, nikasikia matone, nikasema ngoja nimalize, na nilipomaliza mvua ilikuwa nayo imemaliza. Ildefons alinikaripia kama mtoto.

Mama yako mzima. Picha yake ile mpya ya gauni la zambarau imempendeza, ila angesimama mbali kidogo na ndoo za dagaa. Yule binti wa binamu yako Kahangwa ameolewa Dodoma na keki ilikuwa na ghorofa kama hoteli.

Umefanya vizuri kwenye umeme, nimefurahi, nimewaambia wanakwaya wote. Endelea na bomba lako.

Nina swali dogo, kwa ujumla tu, halina maana yoyote. Watu wa Ijuganyondo ukiwatazama ni watu wa namna gani? Wachapakazi? Kijana wa kule, tuseme fundi wa kitu fulani, ni mtu wa kukaa naye meza moja? Nauliza tu.

Immakulata


Kashai, Bukoba
25 Agosti 2024. Mawingu, joto la kubana, mvua imekataa kunyesha.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Pole kwa kahawa. Huku wote wazima, Lilian ameng'oka jino na ameniletea nilione.

Watu wa Ijuganyondo siwafahamu. Ni kata kubwa, wana nyumba, wana migomba. Sina zaidi.

Sasa na mimi nina maswali, kwa ujumla tu. Picha mpya ya Mama umeionea wapi? Keki ya Dodoma umeionaje ukiwa Muleba? Na pale barazani ulikuwa unamaliza nini, Shangazi, mpaka kahawa ikanyeshewa mbele ya macho yako?

Sijauliza kwa ubaya. Nauliza kwa sababu dalili hizo nazijua, niliugua mwaka mzima.

Naendelea na Kemia. Mwalimu Rwekaza anasema nikishikilia hivi hivi nitafika, na yeye si mtu wa kusifu. Mara ya mwisho kumsifu mtu, mtu mwenyewe alikuwa tayari amekwishahitimu.

Joanitha

Saa nne na robo.


Muleba
29 Septemba 2024

Joanitha,

Tumsifu Yesu Kristo. Wazima wote. Mvua zimeanza, tunapanda maharage. Maswali yako nimeyaona. Barua imelowa kidogo, mengine hayasomeki.

Nakutumia ndizi na karanga. Soma sana. Na usije Muleba kabla ya mtihani, hata ukisikia nini. Hakuna utakachosikia. Lakini usije.

Shangazi yako anayekupenda sana,
Immakulata


Kashai, Bukoba
27 Oktoba 2024. Mvua tangu alfajiri. Barabara ya kwetu imegeuka uji.

Shangazi,

Shikamoo. Mimi ni mzima wa mwili. Mama Lilian anashukuru kwa karanga.

Jana nimekutana na Gozbert. Najua unamjua, kwa hiyo nisikueleze kana kwamba humjui. Lakini nitakueleza hivyo hivyo, kwa sababu mimi sikuwahi kukuambia habari zake. Ni fundi simu, ana kibanda karibu na soko la Kashai, kwao ni Ijuganyondo. Alinitengenezea kioo mwaka jana, na baada ya hapo tukawa tunaandikiana jioni. Hatukuwa tumeambiana neno lolote kubwa. Nilipoituma simu kwako sikumuaga, kwa sababu ningemuaga ningeanza kueleza, na nikianza kueleza singeituma. Nikawa napita njia nyingine. Nilidhani atakuwa amenisahau au amekasirika.

Jana akanikuta dukani nanunua mafuta ya taa. Hakuwa amekasirika hata kidogo.

"Joanitha! Umekuwa mkali kwenye simu siku hizi, lakini mama amekupenda."

"Mama yako ananipendaje? Hajaniona."

"Ile siku uliyouliza ukoo wetu hauli nini, mimi sikuwa na uhakika, nikamuuliza yeye. Akaacha kumenya ndizi. Akasema binti anayeuliza mwiko wa ukoo hatafuti salamu, huyo anaita wageni."

"Mimi nimeuliza hivyo lini?"

"Julai. Nikakujibu hatuli samaki aina ya kamongo. Ukasema vizuri, kwenu mnamla, basi si ukoo mmoja. Halafu ukauliza bibi yangu amezikwa kibanjani kwetu au wapi. Halafu ukauliza kama Walutheri wa kwetu wanakunywa au wanajifanya."

"Na wewe ukaona huyo ni mimi?"

"Niliona masomo yamekuchosha. Na kila ujumbe unamalizia, 'Mungu akulinde, funga mlango vizuri.' Mama anasema ana miaka mingi hajamsikia binti mwenye busara hivyo."

Shangazi! Watu wameanza kutafuta ndizi za kutengenezea pombe ya rubisi! Baba yake mkubwa ameshatajwa kuwa msemaji! Nilimwachia mafuta ya taa mkononi nikaondoka bila kumwambia neno.

Tangu jana sijasoma. Naona aya ya nguvu na mwendo, naona kamongo. Simu iko Muleba chini ya vitenge na bado imenikuta mezani kwangu. Mtihani uko mlangoni. Nataka nije mwenyewe niyakate haya mambo, maana nikikaa hapa kichwa hakikai.

Joanitha

Sikuangalia saa.


Muleba
3 Novemba 2024

Binti yangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Salamu za familia nitaziandika siku nyingine, wote wapo.

Nilianza kwa kumpokea mama yako, Mungu ni shahidi. Siku moja nimemaliza kuongea naye, ukaingia ujumbe mfupi wa huyo Gozbert: "Umelala?" Sasa mtu anauliza umelala, na mimi niko macho, nifanye nini? Nikajibu, "Bado." Nilitaka kesho yake nimwambie ni mimi. Kesho yake akauliza nimeshindaje. Waitu, Joanitha, tangu mume wangu afariki hakuna mtu aliyeniuliza jioni nimeshindaje. Nikamwambia goti linauma. Akasema pole, umelala vibaya. Nikaona kijana ana adabu.

Na mtu akiwa na adabu, anauliziwa ukoo. Hiyo ni kazi yangu. Kwetu shangazi asipouliza, binti anaweza kuolewa na ndugu yake na watu wakacheka mpaka mazishini. Sijutii kuuliza. Ninachojutia ni kwamba niliuliza kwa mdomo wako. Niliuliza kama shangazi, wao wakasikia bibi harusi.

Sasa ndiyo hivyo. Walimtuma mtu, wanakuja Jumamosi ya tarehe kumi na sita, wamesema watakuja na kibuyu cha rubisi ya posa. Najua Jumatatu yake una Fizikia, Shaban ameniambia ulimwambia.

Usije. Nisikilize vizuri. Ukiwepo watakuita mbele ya watu wakuulize kama unawafahamu wageni. Ukisema ndiyo, imekwisha. Ukisema hapana, umewatukana wazee waliotoka mbali kwa mwaliko. Usipokuwepo, hawana wa kumuuliza. Mimi niliwaita, mimi nitawapokea. Wewe kaa na bomba lako.

Immakulata


Kashai, Bukoba
10 Novemba 2024. Senene wameanguka, asubuhi watu wazima wanakimbizana na ndoo, mvua nyepesi.

Shangazi,

Shikamoo. Kesho mtihani unaanza. Kashai nzima iko nje inakusanya senene. Lilian amenijaza bakuli, nimekula, nimerudi ndani.

Nilifunga begi la kuja Muleba. Nikalifungua. Nikalifunga tena. Halafu nikaona kwamba ni yale yale ya mapazia: pagumu pamefika, natafuta mlango. Begi nimelisukuma chini ya kitanda na nimefanya maswali yote ya mwendo ya mwaka juzi.

Siji. Lakini nina ombi, na hili si dogo. Usiwaambie mimi mgonjwa, au niko safarini, au nimeitwa na Mama Mwanza. Waambie lililotokea. Uongo mzuri utawafanya warudi mwezi ujao na kibuyu kikubwa zaidi, na mimi sitaweza kusoma nikijua kuna watu wanangoja jibu ambalo sikulitoa.

Nakupenda hata hivyo. Nimekasirika pia.

Joanitha

Saa tatu na nusu. Nalala mapema kwa makusudi.


Muleba
1 Desemba 2024

Joanitha mwanangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Nimengoja umalize karatasi zote ndipo niandike. Wote wazima, mbuzi mweupe amekula kola ya koti la Ildefons.

Walikuja sita, mama yake Gozbert mbele, na msemaji wao Mzee Kagaruki, mzee mrefu, mjane kama mimi, kiatu kinang'aa. Kibuyu kimefungwa majani ya mgomba vizuri sana. Upande wetu nilimweka Ildefons. Sikumwambia chochote, nilimwambia tu akae sawa.

Mzee Kagaruki akasimama, akakohoa. "Tumefika kwa amani. Kijana wetu ameona ua katika kibanja hiki. Amelisemesha, na ua limemjibu."

Ildefons akanigeukia. "Ua limejibu?"

Nikasema, "Limejibu."

"Liko wapi?"

Joanitha, hapo nilitafuta uongo mzuri, na ulikuwepo, ulikuwa tayari mdomoni. Nikakumbuka barua yako. Nikasimama na goti langu. Nikasema, "Ua ni mimi."

Hata kuku walisimama. Nikaeleza yote, simu, sanduku, "umelala", mwiko, kila kitu. Nilikuwa naongea huku natazama chini kama mtoto aliyevunja chungu. Nilipomaliza, mama yake Gozbert akauliza polepole, "Kwa hiyo, 'funga mlango vizuri' ni wewe?"

"Ni mimi, mama."

"Nilijua," akasema. "Nilimwambia mwanangu, huyu binti ana busara za mtu mwenye goti bovu."

Na yule Kagaruki alikuwa bado amesimama na fimbo yake. Akasema, "Basi ndugu zangu, rubisi imetoka mbali, haiwezi kurudi. Tumekuja kuposa aliyejibu. Mama, wewe unasemaje?"

Watu walicheka! Ildefons alicheka mpaka akavua koti. Mimi nilimwambia Kagaruki akae chini afute miwani yake, haoni vizuri.

Baadaye tukiwa tunakunywa, mama yake Gozbert aliniuliza binti mwenyewe yuko wapi. Nikamwambia anasoma, Jumatatu ana Fizikia, kijana wenu hajamwambia neno na yeye hajamjibu neno. Akimaliza atasema mwenyewe, na akisema hapana nitakuja Ijuganyondo kuomba radhi kwa miguu. Akasema binti yake mkubwa walimtoa kidato cha tatu kwa ajili ya posa, na sasa ana watoto watatu na bado anasoma vitabu vya wadogo zake akifikiri hakuna anayemwona. Akasema, "Mwacheni amalize."

Basi ndivyo ilivyokuwa. Krismasi uje uchukue kioo chako. Mimi sikitaki tena ndani ya nyumba. Kagaruki ameomba namba yangu, nimempa ya kitochi.

Shangazi yako aliyejiaibisha,
Immakulata


Kashai, Bukoba
25 Januari 2025. Asubuhi anga safi kabisa, ziwa linaonekana mpaka mbali.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Tangu nilipotoka huko baada ya Krismasi sisi wote wazima. Lilian amepanda darasa. Ningekupigia, simu ninayo hapa, lakini wewe unapokea kitochi sokoni kwa sauti ambayo Muleba nzima inafaidi, na haya ni yako peke yako.

Matokeo yametoka. Sikutaka kuyaona mwenyewe kwenye kioo, nikaenda steshenari, nikampa kijana namba yangu ya mtihani, nikageuka ukutani. Akasema, "Dada, geuka." Kemia C. Fizikia D. Shangazi, ile D ni ndogo, iko ukingoni, lakini ni D na chuo kinaichukua. Nimemwambia Mama akalia, akasema basi nitafute mwingine wa kubeba ndoo. Mwalimu Rwekaza alisema, "Sawa." Kwa yeye hiyo ni sherehe.

Kutoka steshenari nikaenda kwenye kibanda cha Gozbert. Tangu wageni wale wa Novemba tulikuwa hatujaonana. Alikuwa ameinamia simu ya mteja, hakuinua kichwa.

"Karibu. Kioo au chaji?"

"Nimefaulu."

Skrubu zote zikamwagika. Akasema hongera, akazitafuta chini, akainuka akasema hongera tena.

"Nimekuandikia mara nyingi tangu Krismasi," akasema. "Naandika, nafuta. Sijui nitakuwa naongea na nani."

"Ndiyo maana nimekuja kwa miguu."

Mteja wake, mwanamke mmoja mnene, akavuta kigoda akakaa kusikiliza.

Nikamwambia, "Gozbert, tangu Juni hujaniuliza kitu, na mimi sijakujibu kitu. Yale yote ni ya Shangazi, mazuri yake na mabaya yake. Na mimi nakwenda chuo, miaka mitatu."

"Najua."

"Sijasema ndiyo."

"Nimesikia."

"Sijasema hapana pia."

"Hilo nimelisikia zaidi."

Akauliza, "Sasa naanzia wapi?"

"Watu wengine huanza na salamu," nikasema.

Akafuta mikono kwenye suruali, akaweka kola sawa, akatoka nje ya kibanda kabisa akasimama mbele yangu. "Habari za mchana, dada. Mimi naitwa Gozbert."

Nikamwambia ni nzuri, nikamtajia jina langu, tukapeana mikono. Yule mteja akasema kama tumemaliza kufahamiana, yeye anaiomba simu yake.

Tumefika hapo tu, Shangazi. Hakuna ukoo ulioulizwa.

Ni mimi binti yako,
Joanitha

Saa nane na dakika kumi usiku. Sasa ndiyo nalala.